Bob Moses: Kutoka Mississippi hadi Same

Mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura katika jimbo la Mississippi mwaka 1961 alifanyiwa mtihani. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili, kisha aeleze maana yake hadi msajili aridhike. Katiba hiyo ya mwaka 1890 ilikuwa na vifungu 285. Msajili, ambaye alikuwa Mzungu, ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyesahihisha. Ndiyo maana hata walimu wa shule walifeli. Miaka hiyo, Weusi walioandikishwa hawakufika asilimia 7 ya waliostahili.

Hapo ndipo alipofika Robert Parris Moses, mzaliwa wa Harlem, mwalimu wa hisabati aliyesoma falsafa Harvard. Ella Baker, mama mlezi wa chama cha wanafunzi cha SNCC, alikuwa amemtuma huko mwaka 1960 kutafuta watu. Akakutana na Amzie Moore, mfanyakazi wa posta aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili. Vijana wenzake Moses walikuwa wakigoma kwenye mikahawa iliyowabagua Weusi. Lakini Moore alimwambia kwamba Mississippi ilihitaji kura. Moses alimsikiliza mzee, akarudi mwaka uliofuata kuanza kazi McComb na vijiji vya jirani.

Agosti 1961 alipigwa kichwani na binamu wa sherifu alipokuwa akiwasindikiza watu wawili kwa msajili. Damu ikimtiririka, aliendelea na safari. Kisha akafanya jambo ambalo Mweusi hakuthubutu kulifanya katika wilaya ile: akamshtaki Mzungu aliyempiga. Mshtakiwa aliachiwa huru.

Mwezi uliofuata, Herbert Lee, mkulima aliyekuwa akimwendesha Moses kwa gari lake, aliuawa mchana kweupe kwa bastola ya mbunge wa jimbo, E. H. Hurst. Kesho yake Hurst alikuwa huru. Shahidi Mweusi, Louis Allen, alilazimishwa kusema kwamba mbunge alijihami. Allen alipotaka kusema kweli, alisumbuliwa miaka miwili, na Januari 1964 akauawa kwa risasi nje ya lango la nyumba yake. Wanaomsifu Moses kwa upole wake huipita haraka sura hii, nami naona ndiyo inayomweleza zaidi. Kijana aliyebisha hodi kwa mkulima na fomu mkononi alijua anachoweza kumletea mwenye nyumba. Hivyo alisema kwa sauti ya chini, akakaa viti vya nyuma, akaacha uamuzi kwa wenyeji. Katika harakati za namna hiyo ndipo alipoinukia Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya pamba ambaye sauti yake ilikuja kumtia wasiwasi Rais Lyndon Johnson.

Mwaka 1964 Moses aliunga mkono mpango wa kuwaita mamia ya wanafunzi, wengi wao Wazungu wa Kaskazini, waje Mississippi kusaidia kazi hiyo ya kura. Wenzake kadhaa walipinga. Hesabu yake, kwamba taifa lingejali pale tu Wazungu watakapokuwa hatarini, ilikuwa chungu, nayo ilithibitika: mnamo Juni 21 walipotea watatu, James Chaney, Mweusi, pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner, Wazungu wa New York. Taifa zima lilishtuka. Msako wa kuwatafuta uliibua pia miili ya Weusi wengine waliouawa, ambao vifo vyao havikuwa vimemshughulisha mtu.

Agosti hiyo, chama kipya cha Weusi wa Mississippi kilikwenda Atlantic City kudai viti katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Kikapewa viti viwili, na watu wa kuvikalia wakachaguliwa na wengine. Kikakataa. Moses alitoka pale akiwa amekata tamaa na wanasiasa waliojiita marafiki. Baadaye aliacha kutumia jina la ukoo, maana watu walianza kumfuata yeye badala ya kujiongoza. Mwaka 1966 aliitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akiwa amepita umri wa kuitwa kwa miaka 5. Akakimbilia Kanada.

Mwaka 1969 yeye na mkewe Janet walihamia Tanzania, nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka miwili kabla. Alifundisha hisabati Same, Upareni, hadi 1976. Wasifu wake mwingi ulioandikwa Marekani huivuka miaka hiyo kwa sentensi moja au mbili. Ni pengo la ajabu, kwa kuwa mtu aliyerudi kwao alirudi akiwa mwalimu tena.

Mwaka 1982, binti yake mkubwa, Maisha, alipokosa somo la aljebra shuleni Cambridge, Massachusetts, Moses aliingia darasani kulifundisha mwenyewe. Ukazaliwa Mradi wa Aljebra, uliofika hadi shule za Mississippi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto maskini asiyejua aljebra amefungiwa nje ya uchumi wa kompyuta, kama babu yake alivyofungiwa nje ya kituo cha kura kwa kisingizio cha kutojua kusoma. Aliifanya kazi hiyo karibu miaka 40, muda mrefu kuliko ule wa McComb na Atlantic City, hadi alipofariki Julai 2021.