Meza Zilizo Kando ya Maji

Mji wa Venice, katika nchi ya Italia, haukujengwa kando ya maji, bali ndani yake. Visiwa vyake vidogo vyapita mia, navyo vimo katika hori kubwa la maji haba ya chumvi. Mifereji ndiyo njia zake kuu, na vyombo ndivyo magari yake. Jua likichwea, watu hukaa nje ya mikahawa, karibu na maji hata wasikie makasia yakipita. Walakini, msomaji, usidhani ya kuwa raha hiyo ilikuja yenyewe.

Kwanza itazame ardhi. Wajenzi wa kale walikita magogo topeni, moja karibu na jingine, wakatandika mbao na mawe juu yake, ndipo wakajenga nyumba. Magogo hayo hayaozi upesi, kwa kuwa tope huyazuilia hewa. Kisha Jamhuri ya Venice ikatambua ya kuwa matope ya mito yangelijaza hori hata likawa nchi kavu. Basi mito mikubwa, kama Brenta na Piave, ikachimbiwa njia nyingine za kuingilia baharini. Hata ukingo wa Zattere, wapendao kukaa wanywao kahawa juani, waitwa hivyo kwa sababu ya vyelezo vya miti vilivyoshushwa hapo zamani.

Kahawa nayo ililetwa na wafanyi biashara kutoka dola ya Waturuki, na jina lake la Kiitaliano, kama letu, asili yake ni Kiarabu. Mwaka wa 1720 Floriano Francesconi alifungua mkahawa katika uwanja wa San Marco, hatua chache kutoka majini, nao hata leo huitwa Florian.

Mwaka wa 1797 Napoleon aliikomesha Jamhuri, na baadaye Waaustria wakautawala mji. Maofisa wao walikunywa kahawa katika mkahawa wa Quadri. Wenyeji wazalendo walikaa Florian, ng'ambo ya uwanja. Hivyo kuchagua kiti kulikuwa kutangaza upande wako. Tarehe 22 Machi 1848 Daniele Manin alitangaza jamhuri mpya, wananchi wakaitetea hata Agosti 1849, walipolazimishwa na mazingiwa, njaa na kipindupindu kusalimu amri.

Leo hatari ni mbili. Ya kwanza ni bahari. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimeta 194 juu ya kipimo cha kawaida cha mji. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma huinuliwa kutoka chini ya bahari kuyazuia. Ya pili haizuiliki kwa chuma. Mwaka wa 1951 wakazi wa mji wa kale walikuwa kama 175,000. Mwaka wa 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Nyumba nyingi zimekuwa malazi ya wageni, na kodi zimewashinda vijana.

Basi, ukijaliwa kuketi siku moja kwenye meza zile, ifurahie kahawa yako. Kisha tazama meza ya jirani, uulize ni nani aketiye pale. Maana waliokita magogo na kugeuza mito hawakutaabika ili mgeni apate mahali pazuri pa kupumzika tu. Walitaka watoto wao wapate mahali pa kuishi.