Baiskeli ya Mizigo na Mbio za Miguu

Hapa Giteranyi ukisema unakwenda mazoezini, watu hukuuliza mazoezi ya nini wakati kazi yenyewe inatosha kumchosha mtu. Mimi hukimbia mita 5,000, na siku zisizo za masomo hufunga mikungu ya ndizi kwenye karia ya baiskeli nikaipeleka sokoni. Wakimbiaji wa zamani hunionya kwamba baiskeli itaniharibu miguu, nichague moja. Lakini madaftari yangu yanatoka kwenye baiskeli hiyo. Kabla ya kuchagua nimetaka kujua yaliyowapata wengine.

Mfano wao wa kila siku ni Vénuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi dhahabu Atlanta mwaka 1996. Wanachosahau ni kwamba yeye alikuwa mtu wa mita 1,500. Nafasi yake katika mbio hizo alimwachia Dieudonné Kwizera, akaingia mita 5,000 ambazo hakuwa amezizoea, akashinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Pumzi aliyoijenga kwingine ilimfuata.

Je, pumzi ya baiskeli nayo hufuata? Hawaii walibishana jambo la aina hii mwaka 1977: nani mwenye nguvu zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mpanda baiskeli? Februari 1978 watu 15 walianza shindano la kufanya yote matatu kwa siku moja. Mchezo wa namna hiyo uliingia Olimpiki Sydney, mwaka 2000. Wanaoucheza wanajua kwamba ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, miguu huwa kama magogo kwanza, hivyo huizoeza mabadiliko hayo.

Kilichonivutia zaidi kilitokea kwa majirani zetu. Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapore, alijiuliza kwa nini Kenya inatawala mbio za miguu lakini haionekani katika zile za baiskeli. Mwaka 2008 aliwapeleka Ufaransa Zakayo Nderi, mng'arisha viatu, na Samwel Mwangi, aliyebeba abiria kwa baiskeli Eldoret. Walipanda mlima wa Alpe d'Huez, karibu kilomita 14 zenye kona 21. Nderi alitumia dakika 42 hivi. Marco Pantani alikuwa ameupanda kwa takriban dakika 37, tena katika miaka ambayo mchezo huo ulijaa dawa. Kwa mtu wa kibanda cha viatu, hizo dakika tano naziona chache mno.

Kwa maoni yangu, moyo na mapafu havijui kama unakanyaga pedali au ardhi. Miguu ndiyo inayojua. Baiskeli haikugongi magoti kama mteremko unavyokugonga ukikimbia, lakini pia haikufundishi kukanyaga chini kwa wepesi. Kwa hiyo siku ya sokoni naihesabu mahali pa mbio nyepesi, na mbio za kasi nazifanya kwa miguu iliyopumzika, baada ya siku moja bila mzigo.

Nimewasimulia haya wale wakimbiaji wa zamani. Mmoja alitaka tu kujua huyo Mwangi alikuwa akibeba abiria mmoja au wawili.