Risasi ni ya Kila Mtu, Magazini ni ya Kampuni

Aprili 2021 Uhuru Kenyatta alikuja Ruiru kufungua kiwanda cha bunduki. Kimegharimu takriban shilingi bilioni 4, na kina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Sisi wa Mugutha tulijipiga kifua kidogo. Yaani silaha inaundwa hapa hapa, mwendo wa matatu moja tu! Tangu hapo kila msee wa base ni mtaalamu wa silaha. Lakini sikiliza vizuri mazungumzo yao: ni mtutu, ni umbali, ni mlio. Hakuna anayetaja kile kisanduku kinachobeba risasi. Mimi leo nataka tuongee kuhusu hicho, magazini, kwa sababu historia yake inafundisha kuhusu uhuru wa nchi kuliko mtutu wenyewe.

Neno lenyewe ni tamu. Limetoka Kiarabu, kwenye maneno ya ghala na kuhifadhi, likazunguka Ulaya likarudi kwetu likiwa limevaa suti. Kwa mzizi huo huo sisi tuna neno hazina. Kwa hivyo ukisema magazini na ukisema hazina, umetaja ndugu wawili.

Sasa swali. Chukua magazini ya bastola ya babu, ya miaka ya 50. Je, itaingia kwenye bastola iliyotoka kiwandani juzi? Wengi hudhani ikiwa risasi ni sawa, basi kila kitu ni sawa. Hapana. Risasi ya milimita 9, ile inayotumika na polisi na majeshi karibu kila mahali, ilibuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwaka 1902. Ina zaidi ya miaka 120 na bado inaingia kwenye bastola mpya kabisa. Lakini magazini ya miaka 50 tu inaweza kukataa. Kwa nini? Kwa sababu vipimo vya risasi viliandikwa na kukubaliwa na nchi nyingi, na kila kiwanda kinavifuata. Vipimo vya magazini za bastola hakuna aliyekaa mezani kuviunganisha. Kila kampuni ilichora zake: pengo la kuishikilia liko wapi, upana wake ni upi, midomo ya juu inainua risasi kwa pembe gani. Ikikosea kidogo tu, inakwama. Ni kama chaja za simu zile za zamani za pini nyembamba na pini nene. Stima ni ile ile, shimo ndilo lilikuwa la mwenye kampuni.

Mfano mzuri ni bastola inayoitwa Hi-Power. John Browning, Mmarekani, aliianza akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika. Dieudonné Saive wa kampuni ya FN, Ubelgiji, akaimalizia, na ikatoka 1935. Ujanja wa Saive ulikuwa kwenye magazini: alipanga risasi safu mbili zinazopishana badala ya moja, zikaingia 13, wakati bastola nyingi za siku hizo zilibeba saba au nane. Vita vya Pili vilipokuja, pande zote mbili ziliitumia. Wajerumani waliteka kiwanda Ubelgiji wakaendelea kuiunda, na upande wa pili ikaundwa Kanada. Waingereza wakaifanya bastola rasmi ya jeshi lao mwaka 1954.

FN waliacha kuiunda karibu 2018. Mwaka 2022 wakairudisha, jina karibu lile lile, sura ile ile, magazini ya risasi 17. Na ile ya zamani? Haiingii. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Marekani, Springfield Armory, ilikuwa imetoa nakala yake ya Hi-Power, na hiyo inakubali magazini za zamani. Hebu cheki hiyo: mwenye mali aliwafungia mlango wateja wake wa zamani, jirani akawafungulia. Kwangu mimi hiyo haikuwa shida ya ufundi pekee. Ilikuwa ni uamuzi.

Na ile "Ceska" unayosikia kwenye habari kila polisi akinyang'anywa bastola? Hiyo ni ya Kicheki. Ya kwanza maarufu, CZ 75, ilitoka mwaka 1975, na ndugu zake kadhaa waliofuata wanashirikiana magazini. Wacheki hapo waliwaheshimu wateja.

Lakini nyumbani hapa hesabu ya nini kinaingia wapi iliwahi kuwa ya kufa na kupona. Wakati wa Hali ya Hatari, wapiganaji wa Mau Mau wengi walikuwa na bunduki za kujiundia, za risasi moja moja, na zingine zilimlipukia mwenyewe. Magazini ilikuwa ndoto. Risasi ziliokotwa, ziliibwa, zilinunuliwa kwa siri, za kila aina. Na usidanganyike na namba: risasi ya .38 ya Waingereza na .38 ya polisi wa Marekani si kitu kimoja, ya Marekani ni ndefu zaidi. Sasa sheria ya mkoloni haikujali kama inaingia au haiingii. Kupatikana na risasi bila ruhusa kulitosha kukupeleka kitanzini. Yaani risasi usiyoweza hata kuifyatua ingeweza kukuua.

Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kuwa na rivolva ya Webley Scott ya .38, na shtaka lingine likawa la risasi sita. Rivolva haina magazini. Risasi huingizwa kwenye silinda kwa mkono. Alinyongwa Kamiti, si mbali na hapa kwetu, 18 Februari 1957. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa katika vita hivyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa mauaji.

Mkoloni alielewa kwamba bunduki bila chakula chake ni chuma tu, ndiyo maana alikaba chakula. Baada ya uhuru, serikali yetu nayo ilielewa nusu. Miaka ya 90 kiwanda cha risasi kilijengwa Eldoret kwa usaidizi wa FN. Ndiyo, FN ile ile ya Hi-Power. Kwa hivyo risasi tunazo Eldoret, bunduki tunazo Ruiru. Katikati yao kuna kisanduku cha bati na springi, kitu ambacho fundi mzuri wa Thika mwenye mashine sahihi angekibana.

Swali langu kwa wizara ya ulinzi ni hili: michoro ya magazini za hizo bunduki 12,000 ni mali ya nani, na yule mwenye michoro akibadilisha mawazo mwaka 2040, zetu zitalishwa na nini?