Ndama wa Nyumbu na Adui Asiye na Meno

Filamu za wanyama pori zina nguvu ya ajabu juu ya moyo wa mtu. Ndama wa nyumbu anazaliwa majanini, anatetemeka, anainuka, anaanguka, anainuka tena. Dakika chache baadaye anakimbia ubavuni mwa mama yake. Ndipo kamera inapogeuka na kutuonyesha fisi. Tangu hapo mtazamaji hana raha. Wajukuu wangu hufumba macho, na mmoja wao aliwahi kuniuliza, "Babu, kwa nini huyo mpiga picha hamfukuzi?" Nami, mzee mzima, hujikuta namchukia fisi yule kana kwamba ameingia zizini kwangu. Lakini filamu ikihusu watoto wa fisi wenye njaa, sote tunaomba mama yao apate kitoweo. Huruma yetu hufuata kamera inakotupeleka.

Filamu hizi zina historia ndefu katika nchi yetu. Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, alitoa filamu juu ya Serengeti, nayo mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Gharama yake ilikuwa mwana. Kijana wake Michael, aliyefanya naye kazi ya kuhesabu wanyama kwa ndege, alifariki Januari 1959 baada ya ndege aliyokuwa akirusha kugongana na tumbusi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, naye alizikwa hapo hapo. Wengi wetu wa Tanzania Bara hatukuweza kutazama filamu za namna hii majumbani mwetu hadi televisheni ilipoanza mwaka 1994.

Ni kweli kwamba simba na fisi huua ndama wengi. Lakini nyumbu wana kinga yao. Huzaa karibu wote kwa pamoja, katika majuma machache ya mwanzo wa mwaka, kwenye mbuga za kusini kuelekea Ndutu. Ndama huwa wengi kiasi kwamba wawindaji wote hushiba na bado wengi hubaki. Basi, msomaji mpendwa, ikiwa ndama huokoka na meno kwa wingi namna hiyo, ni nani aliyekuwa akiwamaliza miaka ile Grzimek aliporuka juu yao?

Jibu ni sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki kuelekea mwaka 1890, ukaangamiza ng'ombe wa wafugaji pamoja na nyati na nyumbu. Baada ya pigo hilo la kwanza haukuondoka. Ndama alilindwa kwa miezi michache na kinga aliyopewa na mama yake katika maziwa ya kwanza; kinga hiyo ilipokwisha, sotoka ilimkuta kabla hajatimiza mwaka. Watu wengi walidhani wanyama pori ndio waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe. Kumbe ilikuwa kinyume chake. Ng'ombe walioizunguka hifadhi walipochanjwa, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia, ingawa wao hawakuchomwa sindano. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kuwa takriban robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja. Mvua za kiangazi za miaka ya 1970 nazo zilisaidia kuongeza majani, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na chanjo. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa kabisa.

Kwa hiyo wokovu mkubwa kabisa wa ndama wa Serengeti ulifanyika bomani, mbali na simba, kwa mkono wa bwana mifugo mwenye sindano na mfugaji aliyeshika ng'ombe wake pembe. Hakuna atakayekaa mbele ya televisheni moyo ukimdunda kwa kutazama kazi hiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Macho yetu humtafuta adui mwenye meno, na mwingine hupita bila kuonekana.

Jambo hili linanigusa kwa sababu moja zaidi. Wataalamu wanatuambia kwamba kirusi cha sotoka na kirusi cha surua ni ndugu wa karibu sana. Mdogo wangu aliyenifuata alikufa kwa surua katika miaka ya 1950, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Nyumbani mama hakuwa na wa kumchukia. Hapakuwa na fisi wa kufukuzwa kwa kijinga cha moto. Palikuwa na mtoto mwenye homa na vipele, na maji kikombeni. Majirani walikuja, wakakaa, wakaondoka.

Mpango wa chanjo kwa watoto wote ulianza nchini mwaka 1975. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, muuguzi alikuwa akija na sanduku lake la barafu kukaa chini ya mwembe wetu. Akina mama walipanga foleni, na wanafunzi waliwachungulia dirishani hadi niwakemee. Sindano ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi tisa, kwa kuwa wakati huo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inakuwa imepungua. Ni hesabu ile ile ya ndama.

Sitawakataza wajukuu kumlilia ndama. Moyo usiolia kwa kichanga haufai kulea. Ila huwaeleza habari za sotoka, kisha huwaeleza habari za babu yao mdogo, ambaye hatuna hata picha yake moja.