Pango la Makpela: Kaburi la Abrahamu na Mgogoro wa Hebroni

Pango la Makpela liko katika mji wa Hebroni, kusini mwa Yerusalemu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chaeleza jinsi Abrahamu alivyolinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, apate mahali pa kumzika mkewe Sara. Kadiri ya Maandiko, humo walizikwa pia Abrahamu mwenyewe, Isaka na Rebeka, Yakobo na Lea. Kwa Wayahudi ni mahali patakatifu pa pili baada ya Mlima wa Hekalu. Kwa Waislamu ni Msikiti wa Ibrahimu.

Kuta kubwa zinazolizunguka zilijengwa zamani za mfalme Herode. Baadaye pakawa kanisa, kisha msikiti, kanisa tena wakati wa Vita vya Msalaba, na msikiti tena baada ya ushindi wa Saladini mwaka 1187. Katika karne ya 13 Sultani Baibars aliwakataza Wayahudi na Wakristo kuingia. Kwa takriban miaka 700 Wayahudi walisali nje, wasiruhusiwe kupita kipandio cha saba cha ngazi.

Mwezi Agosti 1929, ghasia zilizotokana na ubishi juu ya Ukuta wa Magharibi wa Yerusalemu zilifika Hebroni, na Wayahudi 67 wakauawa. Wengine wengi waliokolewa na majirani Waarabu waliowaficha majumbani mwao. Israeli ilipouteka mji mwaka 1967, Wayahudi waliingia tena pangoni. Tarehe 25 Februari 1994, mlowezi Myahudi, Baruch Goldstein, aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa katika sala, akawaua 29. Tangu hapo jengo limegawanywa kati ya dini hizo mbili chini ya ulinzi wa askari. Kila upande hupewa jengo lote siku 10 tu kwa mwaka, katika sikukuu zake.

Kanisa, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, lilaani chuki dhidi ya Wayahudi na kuwataja Waislamu kwa heshima, kwani wote humtazama Abrahamu kama baba. Mwanzo 25:9 yasimulia kwamba Isaka na Ishmaeli, waliotenganishwa tangu utoto, walimzika baba yao pamoja katika pango hilohilo. Basi mwamini aombeaye amani ya Nchi Takatifu awaombee wana wote wawili, wala asihesabu wafu wa upande mmoja tu.