Kompyuta Kuukuu za Lubumbashi na Vipuri Visivyopatana

Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, umepokea tangu mwanzo bidhaa za Ulaya na za kusini mwa Afrika kwa pamoja, na hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini katika mji huo kibodi inayoanza na herufi A na Z huweza kukutana na ile ya Q na W, na plagi ya pini tatu nene ya Afrika Kusini hukosa soketi ya kuingia.

Hata hivyo, ugumu mkubwa umo ndani ya mashine. Kumbukumbu, yaani kipande kinachohifadhi kazi kwa muda wakati kompyuta inafanya kazi, ilibadilika kutoka DDR ya mwaka 2000 hadi DDR2 ya 2003 na DDR3 ya 2007, kila kizazi kikiwa na pengo mahali pake na volti zake (2.5, 1.8, kisha 1.5), kiasi kwamba kipande kipya hakiwezi kuuokoa ubao mama wa zamani. Diski nazo ziliacha utepe mpana wa IDE zikachukua waya mwembamba wa SATA kuanzia mwaka 2003, ingawa hapa, kwa bahati njema, adapta hutosha.

Kwa hiyo ufundi unaostahili heshima ni ule wa subira: kubakiza vipuri vya lazima tu, kusikiliza milio ya BIOS, programu inayoiamsha mashine, kisha kurudisha kimoja kimoja mpaka kile kinachokataa kijulikane.