Usiku mmoja Ufaransa: Ulale katikati ya Paris au kijijini?

Wasafiri wengi wanaounganisha ndege Paris hupenda kukaa usiku mmoja au mbili kabla ya kuendelea na safari. Swali linalofuata ni malazi: chumba katikati ya jiji, au nyumba ya kijijini yenye bustani na utulivu, ambako pesa ileile mara nyingi hupata nafasi kubwa zaidi?

Jibu halitegemei sana bei ya chumba. Linategemea saa ya kuondoka kesho yake. Chumba rahisi kinaweza kugeuka ghali kuliko vyote kama alfajiri hakuna treni ya kumfikisha msafiri uwanjani na ndege ikamwacha.

Kwanza, viza

Kulala nje ya uwanja, iwe mjini au kijijini, ni kuingia Ufaransa. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na DRC wanahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, isipokuwa kama wana kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayatakiwi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla ya kuondoka. Viza ya kupita uwanjani tu, ambayo raia wa DRC huhitaji hata kwa kubadilisha ndege, haimruhusu mtu kutoka nje.

Hapa ndipo malazi yanapoingia mapema, kwa sababu mwombaji hutakiwa kuonyesha atalala wapi. Wa hotelini huonyesha nafasi aliyoweka. Anayelala kwa ndugu huombwa attestation d'accueil, hati ambayo mwenyeji huiomba katika ofisi ya meya wa mji anakoishi.

Hesabu ya saa

Uwanja wa Charles de Gaulle uko kama kilomita 25 kaskazini mashariki mwa Paris. Chukua mfano wa ndege inayotua 06:00, yaani saa 12 asubuhi, na nyingine inayoondoka 10:00, saa 4 asubuhi ya siku ya pili. Kwenye tiketi ni saa 28.

Sasa zipunguze. Foleni ya pasipoti, mabegi na safari ya kuingia mjini vinaweza kula saa 3. Kurudi uwanjani ni saa 1, na kuwahi kabla ya ndege ni saa 3. Usingizi ni saa 8. Zinabaki 13. Kijiji kilicho saa 2 kutoka uwanjani badala ya saa 1 hukata saa 2 nyingine, maana njia ni ya kwenda na kurudi.

Jambo jingine ni mizigo. Kwa kawaida, kituo kinachozidi saa 24 huhesabiwa kuwa mapumziko ya njiani, si kuunganisha ndege tu. Nauli inaweza kubadilika na begi likalazimika kuchukuliwa Paris. Ni bora kuliuliza shirika la ndege kabla ya kulipa, kwa sababu kuburuta masanduku mawili hadi kijijini si mchezo.

Katikati ya jiji

Faida kubwa ya mjini ni RER B, treni inayotoka uwanjani hadi Gare du Nord, Châtelet–Les Halles, Saint-Michel na Denfert-Rochereau. Hadi Gare du Nord ni kama nusu saa. Tiketi moja ya uwanja wa ndege ilipangwa kuwa euro 13 Januari 2025. Treni huanza karibu saa 11 alfajiri na za mwisho kutoka uwanjani huondoka kabla ya saa 6 usiku. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku ya Noctilien au teksi.

Teksi kati ya Charles de Gaulle na Paris zina bei maalumu isiyobadilika hata kukiwa na foleni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa upande wa kaskazini wa mto Seine na euro 65 kwa upande wa kusini. Watu watatu wakigawana, tofauti na treni si kubwa. Ni muhimu kupanda kwenye kituo rasmi cha teksi, si kumfuata mtu anayenong'ona mlangoni.

Hoteli iliyo dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha RER B ni bora kuliko nzuri zaidi inayohitaji kubadilisha metro mara mbili na masanduku mkononi. Mtaa wa Gare du Nord ni rahisi kwa treni, lakini una purukushani na wezi wa mfukoni hawakosekani. Anayetafuta vyakula vya Kiafrika yuko jirani na Château Rouge.

Hasara nazo zipo. Vyumba ni vidogo, na kifungua kinywa mara nyingi hulipiwa kando. Familia ya watu watano huenda ikalazimika kuchukua vyumba viwili. Chumba hupatikana kuanzia saa 8 au 9 mchana, hivyo aliyetua alfajiri aombe hoteli imhifadhie mabegi.

Kijijini

Ufaransa ina aina mbili za malazi ya vijijini ambazo wageni huzichanganya.

• Chambre d'hôtes ni chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Kisheria vyumba havizidi 5 na wageni hawazidi 15 kwa pamoja, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Baadhi hutoa chakula cha jioni kwenye meza moja na wenye nyumba, kiitwacho table d'hôtes, lakini lazima kiagizwe mapema.

• Gîte ni nyumba nzima yenye jiko. Julai na Agosti nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Kwa usiku mmoja haifai sana, tena usafi na mashuka huweza kulipiwa zaidi.

Kwa hiyo mgeni wa muda mfupi anatafuta chambre d'hôtes. Mwenyeji si mapokezi ya hoteli. Anataka kujua saa ya kufika, na saa 5 usiku anaweza kuwa amelala.

Shida kubwa ni usafiri, na ramani hudanganya. Chantilly, mji wenye kasri maarufu na misitu, uko karibu na uwanja ukiutazama kwenye ramani. Lakini treni yake ya kawaida huenda Gare du Nord kwa kama dakika 25, kwa hiyo anayetegemea treni hurudi Paris kwanza ndipo ageuke kwenda uwanjani. Senlis, mji wa kale wa jirani, hauna kabisa treni ya abiria. Bei maalumu ya teksi ya Paris haifanyi kazi huko: ni mita, na gari la alfajiri huagizwa jana yake.

Chakula nacho kina saa zake. Migahawa mingi ya vijijini huhudumia mchana kati ya saa 6 na 8, kisha jioni kuanzia saa 1. Jumapili mchana maduka hufungwa, na Jumatatu migahawa mingi hupumzika. Asiyejua hilo atalala na biskuti.

Vipi kuhusu gari la kukodi?

Gari hufungua vijiji vyote, lakini lina masharti. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana, na barabara kuu nyingi zina tozo. Ufaransa huendesha upande wa kulia. Kwa dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda aliyekesha ndani ya ndege, kushika usukani mara tu baada ya kutua ni hatari ya kweli. Alale kwanza, gari alichukue kesho yake.

Msimu

Mwezi Juni jua huzama Paris karibu saa 4 usiku, hivyo jioni ya kijijini ni ndefu na tamu. Desemba hukucha karibu saa 3 asubuhi na giza huingia saa 11 jioni. Aliyefika kijijini mchana wa Desemba ataona bustani kwa muda mfupi tu, wakati mjini taa na maduka huendelea.

Njia ya kati

Anayeondoka mapema sana anaweza kulala Roissy-en-France, kijiji kilichoupa uwanja jina lake jingine, Roissy. Kina hoteli nyingi, na baadhi zina basi la kupeleka wageni uwanjani.

Mwenye usiku mbili anaweza kupanda TGV ndani ya uwanja, Terminali 2, hadi kituo cha Champagne-Ardenne kwa kama nusu saa, kisha tramu hadi Reims, mji wa kanisa kuu walikotawazwa wafalme, uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Treni hizo si nyingi kwa siku, hivyo ya kurudi ipangwe kwanza.

Kabla ya kulipa

• Treni ya kwanza asubuhi inafika uwanjani saa ngapi?
• Jana yake, je, kuna mgomo au matengenezo ya RER B? Programu ya Île-de-France Mobilités huonyesha.
• Ndege ikichelewa kutua, nani atafungua mlango usiku?
• Nafasi inaweza kufutwa bila faini viza ikikataliwa?
• Kodi ya wageni, inayotozwa kwa kila mtu kila usiku, imo ndani ya bei?

Kwa usiku mmoja na ndege ya asubuhi, mjini karibu na RER B au Roissy ndiko salama. Kwa usiku mbili na ndege ya mchana au jioni, kijiji kinalipa, mradi usafiri wa kurudi umepatikana kabla ya chumba.